Tangazo Limesomwa Misa Zote Tatu, Wamekuja Tisa: Utatuzi wa Matatizo ya Mawasiliano Parokiani

Nimekaa kwenye kamati ya mawasiliano ya parokia moja ya Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kujua kwamba malalamiko yanayofika ofisini ni yale yale, yanabadilisha nguo tu. "Hatukusikia." "Hatukuambiwa." "Tuliambiwa, ila tulidhani ni wiki ijayo." Na kila yakija, kuna mjumbe mmoja atasimama kwenye kikao cha Halmashauri ya Walei na kupendekeza tununue kitu: spika mpya, kamera, au tumlipe kijana wa mitandao. Mara nyingi ugonjwa hauko huko.

Tafuta dalili inayofanana na yako. Sababu nimezipanga kuanzia inayotokea sana kwenda isiyotokea sana. Usitoe shilingi mfukoni kabla hujamaliza ukaguzi wa bure.

Dalili: Tangazo limesomwa, siku yenyewe watu hawakuja

Hili ndilo kubwa, na nitakaa hapa muda mrefu kuliko kwingine.

*Sababu ya kwanza: tangazo lenyewe ni tupu.* Soma hili, nimelitengeneza kwa mfano wa mamia niliyoyapokea:

"Wapendwa Taifa la Mungu, kama mnavyofahamu tupo katika kipindi cha Kwaresima, hivyo kamati ya liturujia kwa kushirikiana na ofisi ya paroko inapenda kuwatangazia kuwa Jumamosi ijayo kutakuwa na mafungo. Wote mnaombwa kuhudhuria bila kukosa na kuzingatia muda."

Kuzingatia muda gani? Haujatajwa. Mafungo ni wapi, yanaisha saa ngapi, mtu aje na watoto au awaache? Neno "wote" halimgusi yeyote, kila mmoja anajua hao wote wapo na watakwenda. Na "bila kukosa" tumeitumia kila Jumapili hadi imekufa ganzi.

Sasa hili:

"Mafungo ya Kwaresima kwa wanandoa ni Jumamosi tarehe 14 Machi, ukumbi wa parokia. Tunaanza saa tatu asubuhi, tunamaliza saa saba mchana. Chai ipo. Njooni na watoto, wapo wa kuwaangalia. Jiandikishe kwa mwenyekiti wa jumuiya yako kabla ya Jumatano."

Urefu wake ni karibu sawa na wa lile la kwanza, lakini mama aliyekaa benchi la nyuma anatoka akijua kama linamhusu na afanye nini. Ukaguzi wake ni rahisi: kabla ya Misa mpe mlinzi wa getini alisome, kisha muulize ni lini, wapi, na yeye anahusika? Akikwama kwenye jibu lolote, rudi ukaandike upya.

Kuna mitego miwili ndani ya sababu hii, na yote imeshaninasa. Wa kwanza ni "Jumamosi ijayo". Ikisomwa Jumapili, nusu ya watu wanaelewa Jumamosi ya wiki hii na nusu wanaelewa ya wiki inayofuata. Niliwahi kuandika hivyo kwenye tangazo la usafi wa makaburi. Kundi moja lilikuja na mafyekeo tarehe moja, kundi lingine likaja wiki ya pili likakuta nyasi zimeshafyekwa, na yote mawili yalinitafuta mimi. Taja tarehe. Mtego wa pili ni saa. Kijana anayetengeneza bango kwa simu anaandika "2:00". Bibi anasoma saa mbili asubuhi, mjukuu wake anasoma saa nane mchana. Andika kwa maneno, "saa nane mchana", hata kama bango litapungua urembo.

*Sababu ya pili: matangazo ni mengi mno.* Mwongozo wa Misale unaweka matangazo baada ya Sala baada ya Komunyo, kabla ya baraka, na unasema yawe mafupi, tena kama yapo. Jumapili moja niliweka saa ya simu: matangazo 17, dakika 19. Papa Fransisko alisema mwezi Juni 2024 kwamba mahubiri ya mapadre yasizidi dakika nane. Sisi makatibu hatujapata wa kutukemea. Baada ya tangazo la tano watu wanatafuta funguo za pikipiki, na la kumi na mbili ndilo lililokuwa lako.

Tiba: soma matatu, yasizidi manne. Kipimo chetu ni kuuliza kama tangazo linawahusu zaidi ya nusu ya waliomo kanisani. Mkutano wa wajumbe wa kamati ya ujenzi ni wa watu kumi na wanane, wapigie simu. Matangazo ya ndoa yana taratibu zake, usiyaguse. Yaliyobaki yaende ubaoni na jumuiyani, kwenye vikundi vya majirani wanaosali pamoja. Viongozi wa vyama watanuna, hasa mwanzoni. WAWATA (wanawake), UWAKA (wanaume) na VIWAWA (vijana) kila mmoja anaona tangazo lake kusomwa altareni ni heshima ya chama, kwa hiyo paroko mwenyewe aulinde uamuzi huo. Katibu peke yake hataweza.

*Sababu ya tatu: halikufika jumuiyani.* Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliziweka Jumuiya Ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji katika Afrika Mashariki. Maana yake kwa kazi yetu ni kwamba parokia inao tayari mtandao wa nyumba kwa nyumba ambao kampuni ya matangazo ingelipa fedha nyingi kuupata. Mwenyekiti wa jumuiya anajua nani kahamia, nani anauguza, nani ameacha kuja na kwa nini. Tangazo likisomwa kanisani linasikika. Mwenyekiti akisema "mama fulani, wewe na mzee mnakuja, nimewaandika", mama fulani anakuja.

Kagua hivi: Jumapili jioni wapigie makatibu watano wa jumuiya uwaulize wamepokea nini kutoka parokiani wiki hii. Ukisikia "hatujaletewa karatasi", umeshapata tatizo. Kwetu jumuiya zinasali Jumamosi alfajiri, hivyo karatasi ya matangazo inatoka Alhamisi, ukurasa mmoja, nakala moja kwa kila jumuiya na nyingine kwa makatekista wa vigango, yale makanisa madogo yaliyo chini ya parokia. Tulipoanza kuitoa Jumapili ilikuwa inakaa siku sita mkobani, kisha inasomwa tukio limeshapita.

*Sababu ya nne: kalenda.* Umeiweka semina siku ya sherehe za Kipaimara za parokia jirani, au tarehe 27 wakati watu hawana hata nauli. Fungua kalenda ya jimbo na ya dekania (kundi la parokia jirani) kabla ya kupanga tarehe.

*Sababu ya tano, ambayo hatupendi kuisikia: watu hawakitaki hicho kitu.* Ukishasafisha yote hayo na bado wanakuja tisa, acha kutangaza. Watafute sita ambao hawakuja, uwaulize bila kuwashtaki. Usiwaulize wale tisa. Wale wangekuja hata ungewaalika kwa filimbi.

Dalili: Nyuma hawasikii, au maiki inapiga mluzi

Anzia kwa msomaji. Wengi wanasimama mbali na maiki kwa adabu, au wanaielekeza dari. Vidole vinne kati ya mdomo na maiki vinatosha. Kisha angalia betri za maiki isiyo na waya. Kama hakuna aliyeandika zilibadilishwa lini, zibadilishe leo.

Mluzi mara nyingi unatokea kwa sababu spika iko nyuma ya maiki au imeielekea, hivyo sauti inazunguka na kurudi ilikotoka. Sogeza spika mbele ya maiki, zielekee waamini. Zima maiki zote zisizotumika, za kwaya zikiwa za kwanza, maana kwaya hukaa chini na kuacha sita zimewashwa.

Kama sauti ni kubwa ila maneno hayashikiki, usiongeze. Kanisa la zege lenye vigae chini na bati juu linarudisha mwangwi, na ukiongeza sauti unaongeza mwangwi. Punguza, punguza na besi, mwambie msomaji apunguze kasi. Na usipime Jumamosi kanisa likiwa tupu: miili na nguo za watu hunyonya sauti, kwa hiyo majibu yatakudanganya. Mtume mtu benchi la mwisho wakati wa Misa, akupe ishara kwa mkono.

Acha mara moja na umwite fundi umeme mwenye leseni kama maiki inampiga mtu shoti hata kidogo, kama amplifaya inanuka kuungua, au fyuzi inakatika kila mara. Tena: mkisikia muungurumo mfululizo kwenye spika, asije fundi wa mtaani akaondoa pini ya ethi kwenye plagi ili kuunyamazisha. Muungurumo utaisha, na padre atabaki ameshika chuma kisicho na kinga.

Dalili: Kundi la WhatsApp limejaa, lakini taarifa hazisomwi

Sababu ya kawaida ni kwamba kundi la matangazo limegeuka kijiwe. Tangazo la Misa ya marehemu linafunikwa na maua ya "asubuhi njema", dawa ya kisukari ya mitishamba na video ya mhubiri asiyejulikana. Ingia kwenye mipangilio, weka wasimamizi pekee ndio watume. Wanaotaka kuongea wawe na kundi lao.

Ya pili ni wewe mwenyewe kutuma bango la picha bila maandishi. Wenye kifurushi kidogo hawafungui picha. Andika maneno kwanza, bango lifuate.

Ya tatu inawachanganya wengi: unatumia orodha ya matangazo ("broadcast list") badala ya kundi, ujumbe unawafikia wengine na wengine hawaupati. Programu haina hitilafu. Orodha ya namna hiyo inamfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, na haizidi watu 256. Kundi huchukua hadi 1,024. Kama parokia yenu ni kubwa, tengeneza kundi la wenyeviti na makatibu tu, wao wapeleke kwenye makundi ya jumuiya zao. Tunarudi kule kule jumuiyani.

Na wapo wasio na simu janja kabisa. Kwetu wengi wao ni wazee ambao hawakosi Misa ya asubuhi siku za kazi, hivyo tangazo linalowahusu lisomwe huko.

Onyo: msibandike kwenye kundi orodha ya wasiolipa zaka, majina na kiasi. Nimeona ikifanyika, na familia mbili hazikurudi. Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa inalinda jina jema na faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haikuwaacha nje watu wa sakristia.

Dalili: Michango haitimii, na minong'ono imeanza

Ukisikia "kila siku pesa", usiandike tangazo la kuhamasisha zaidi. Jiulize kwanza taarifa ya mwisho ya mapato na matumizi ilisomwa lini. Kanuni ya 1287, kifungu cha 2, inawataka wasimamizi wawatolee waamini hesabu ya mali walizozitoa. Ubao wenye mistari mitano (tulianza na kiasi gani, tumepokea, tumetumia kwa nini, kimebaki, kinachohitajika) unafanya kazi ambayo harambee mbili haziwezi. Tulipoanza kubandika picha ya ukuta wa kigango kila mwezi, ukuta ule ule, pembe ile ile, watu walianza kusimama ubaoni kabla ya Misa kuhesabu kozi za matofali.

Sababu ya pili ni michango kugongana: jimbo, ujenzi, jubilei ya padre, sare za kwaya, vyote mwezi mmoja. Paroko aipange foleni.

Ya tatu ni namba ya kulipia. Mtu akiweka Lipa Namba, simu inamwonyesha jina. Likitokea jina la mtu binafsi badala ya parokia, anaghairi, na ana haki. Nenda kwa kampuni ya simu na nyaraka za parokia, sajili kwa jina la parokia.

Ya nne hutokea mara chache lakini huua: fedha iliyochangwa kwa paa imejenga uzio. Hata kama uzio ulihitajika, kanuni ya 1267, kifungu cha 3, inasema sadaka iliyotolewa kwa lengo maalumu itumike kwa lengo hilo tu. Hapo hakuna tangazo la kuokoa hali. Kamati ya fedha ikae, na kama mambo ni mazito, aitwe mkaguzi kutoka jimboni.

Acha na upige simu pale ujumbe unapozunguka ukidai paroko anaomba atumiwe fedha kwenye namba ngeni. Usibishane na tapeli. Mpigie paroko kwa namba unayoijua, tangaza siku hiyo hiyo kwenye makundi yote kwamba ni utapeli, tuma namba ya tapeli kwenda 15040, na aliyeshatuma fedha apige kampuni yake ya simu mara moja kisha aende polisi.

Dalili: Misa mubashara haina watazamaji, inakatika, au imepotea

Kwanza jiulize inarushwa kwa ajili ya nani. Kama ni kwa wagonjwa na walio mbali, watazamaji arobaini ni wengi. Usishindane na redio za Kikatoliki.

Inakatika: picha yenu ni nzito kuliko mtandao. Ishushe ubora. Saa moja kwa kasi ya megabiti 3 kwa sekunde inakula karibu GB 1.35, kwa hiyo hesabu kifurushi kabla ya wimbo wa mwanzo. Watu huvumilia picha yenye ukungu, sauti mbaya hawaivumilii. Chukua sauti kutoka kwenye mikisa, siyo maiki ya simu iliyo mita ishirini kutoka altareni.

YouTube inakataa kurusha kwa simu: chaneli inahitaji wafuatiliaji 50, na ukiwasha huduma hiyo mara ya kwanza unaweza kungoja hadi saa 24. Usiianze asubuhi ya Pasaka.

Sauti imezimwa katikati ya wimbo: mtambo umetambua wimbo wenye hakimiliki, pengine hata wa kwaya yenu wenyewe, ambao msambazaji ameusajili. Zungumza na kwaya na msambazaji wake.

Video imetoweka Facebook: tangu tarehe 19 Februari 2025 video mubashara hufutwa baada ya siku 30. Ipakue wiki hiyo hiyo.

Ukurasa umefungwa na mwenye neno la siri ameoa akahamia Mbeya: mpigie umwombe kwa upole, na tangu leo wasimamizi wawe wawili au watatu, mmoja akiwa paroko.

Dalili: Vijana hawaji

Nitasema kifupi, kwa sababu tatizo hili huletwa kwangu kama la mabango na mara nyingi si la mabango. Angalia nani anatangaza. Tangazo la vijana likisomwa na mzee wa miaka sitini, kwa sauti ya kuonya, limeshakufa. Angalia saa: wengi wanafanya kazi Jumamosi. Kisha angalia kama walipokuja mara ya mwisho walipewa la kufanya, au walipangishwa viti na kuosha sufuria.

Simamisha kila kitu: haya si ya kamati ya mawasiliano

Tuhuma yoyote ya mtoto kudhurika, iwe mafundisho, kwaya au Utoto Mtakatifu (chama cha watoto): usiandike tangazo, usifanye uchunguzi wako, usimwite mtuhumiwa na mtoto "wayamalize". Piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na ofisi ya askofu ijulishwe siku hiyo. Mambo ya aina hii hayajibiwi kwenye WhatsApp hata kwa alama ya mikono iliyounganishwa.

Mgogoro kati ya padre na waamini, au uhamisho wenye maneno: anayesema ni jimbo. Mwandishi wa habari akipiga simu, mpe namba ya ofisi ya jimbo, ukate. Kusambaza unachosikia kunaweza kukuingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kuwa katibu wa jumuiya hakukukingi.

Picha za watoto wa Komunyo ya Kwanza: pata ruhusa ya wazazi kwa maandishi kwenye fomu ile ile ya usajili. Mzazi akikataa, amekataa, na mpiga picha ajue.

Madogo, kwa haraka

Mgeni amekuja saa nne, Misa imeisha: kibao cha getini kina ratiba ya kabla ya kigango kuwa parokia. Kipake rangi upya, kisha fungua ramani ya mtandaoni urekebishe saa na huko, maana wageni huangalia huko kwanza.

Ubao wa matangazo hausomwi: ondoa karatasi zote zilizopitwa na wakati. Wa kwetu tulikuta bango la hija iliyofanyika miaka mitatu nyuma, na chini yake, limefunikwa kabisa, tangazo la mafungo ya wiki ile.

Simu ya ofisi haipokelewi: uliza kwanza kama ina chaji.